Mahaba Yana Jibu Lake

"Nawwarti Masr," dereva wa teksi aliniambia kabla hata hajalishika begi langu. Umeitia Misri nuru. Kijana wa kaka yangu, aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege, akaninong'oneza: "Shangazi, mjibu. Sema munawwara bi-ahlaha." Yaani nuru ni ya wenyewe walioko. Nikasema. Dereva akaweka mkono kifuani, akanifungulia mlango, na kutoka pale mpaka Darrasa, jirani na Msikiti wa al-Azhar, hakunyamaza. Aliniombea afya, akawaombea rehema wazee wangu waliotangulia, akauliza kama Unguja mvua zimenyesha, na kila alipotua kijana alinigusa bega ili nijibu.

Nilikwenda Kairo mwezi wa Mfungo Sita, kumtazama kijana huyu anayesoma al-Azhar, na nilikwenda na jambo langu moyoni. Sisi watu wa Pwani tumepokea kutoka kwa Waarabu maneno mengi ya mapenzi: mahaba, huba, ashiki, shauku, laazizi, muhibu. Tumeyatia katika nyimbo na katika barua. Lakini mchana kweupe, mbele za watu, kwetu mapenzi huzungushwa. Kanga inasema, taarabu inasema, kikuba cha yasmini kinasema, mwenyewe kajinyamazia. Nilitaka kuwaona Waarabu wenyewe wanayasemaje maneno haya nyumbani kwao, sokoni kwao, mtoto akitoka na mume akiingia.

Asubuhi ya kwanza nikakuta jibu langu la kwanza kwenye mkokoteni wa maharage ya ful chini ya nyumba. Mteja anasema sabah el-kheir, asubuhi ya kheri. Muuzaji hamrudishii ileile: anampa asubuhi ya nuru. Mteja naye haachi hapo, anamtupia asubuhi ya ua la full. Muuzaji anapanda na asubuhi ya yasmini. Mzee aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye kiti akamaliza na asubuhi ya malai. Wote watatu walikuwa na haraka zao. Hakuna aliyecheka wala aliyeona ni mchezo. Kijana akanikumbusha aya ya Suratun Nisaa inayoamrisha kwamba ukisalimiwa urudishe maamkizi yaliyo bora zaidi, au angalau yaleyale. Watu wa Kairo wameishika amri hiyo wakaipeleka mbali kuliko salamu. Ukinyoa nywele au ukitoka kuoga unaambiwa na'iman, uwe katika neema. Lazima umwombee neema aliyekuambia. Mtu akikwambia "kwa macho yangu mawili" pale ulipomwomba jambo dogo tu, kama kukupisha njia, unamwombea macho yake yasalimike. Akikwambia amekukosa na upweke umemshika, wahashtini, huwezi kusema ahsante ukaondoka. Unasema: wewe zaidi.

Usiku ule kijana alinisimulia hadithi waliyoisoma darasani, iliyopokewa na Abu Dawud. Mtu mmoja alikuwa amekaa na Mtume, mwingine akapita. Yule aliyekaa akasema kwamba anampenda yule aliyepita. Mtume akamuuliza kama amewahi kumwambia. Hakuwahi. Akaamrishwa amwambie, naye akainuka akamfuata njiani, akamwambia kwamba anampenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Yule mpita njia akamwombea apendwe na Yule ambaye kwa ajili yake amempenda. Hadithi hii nilikuwa naijua tangu chuoni, lakini sikuwa nimeitilia maanani sehemu ya mwisho, kwamba upendo uliposemwa ulijibiwa palepale barabarani, na jibu lenyewe likawa dua.

Mwenye nyumba anakopanga kijana ni mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Hagga. Alinipa chumba kwake, kwa kuwa haikumpendeza mgeni wa kike alale hotelini na hali nyumba yake ipo. Jikoni kwake ndiko nilikojifunza zaidi. Siku ya mulukhiya, majani ambayo ni ndugu wa mlenda wetu, aliyakata kwa makhrata, kisu kilichopinda chenye mipini miwili, akikisukuma huku na huku mpaka majani yakawa ute. Supu ya kuku ilikuwa tayari. Akakaanga vitunguu thomu na giligilani kwenye samli, na alipomimina ile samli ichemkayo ndani ya sufuria akavuta pumzi kwa sauti kubwa, aah, kama aliyeshtuliwa. Wanawake wa Misri hufanya hivyo tangu enzi za bibi zao. Pasipo mshtuko ule, wanasema, mulukhiya haikolei. Nilipoonja nikamwambia kama nilivyofundishwa, teslam ideiki, mikono yako isalimike. Akanijibu iwe kwa raha na siha, kisha akachagua kipande cha kuku kilichonona, akaapa wallahi, akakiweka sahani yangu. Nilikirudisha kwake. Akaapa tena. Kuna mapenzi ambayo huko husemwa kwa kiapo, na mgeni hushindwa.

Mwanawe mkubwa anafanya kazi Ghuba, na kila jioni humpigia simu kwa video. Hapo nilimsikia Hagga akimwita mwanamume yule mwenye ndevu, "ya mama". Ewe mama! Alimwita hivyo tena na tena. Mumewe aliposhika simu akamwita kijana huyohuyo "ya baba". Kwetu pia mama humwita mwanawe wa kiume "baba" na wa kike "mama", lakini sisi tunamtazama mtoto tukamwona babu au bibi yake aliyerudi. Misri mzazi humpa mtoto cheo chake mwenyewe. Anayesema ni mama, kwa hiyo mtoto naye anaitwa mama. Mtoto huita mama, mama huita mama, jina moja linakwenda na kurudi. Nilikaa kwenye kochi nikiwasikiliza mpaka machozi yakanilengalenga, kwa sababu nilimkumbuka marehemu mama yangu, ambaye upendo wake wote alikuwa akiutia katika kutukemea tuvae viatu.

Kwenye simu maneno mengine yalimiminika bila kipimo: roho yangu, moyo wangu, uhai wangu, nuru ya macho yangu, mboni ya jicho langu. Kairo herufi ya qaf humezwa, moyo wa qalbi unakuwa albi, ukisikika mwepesi mdomoni. Na kila moja lilikuwa na lake la kulijibu, wakati mwingine kwa dua fupi tu: Mungu akuweke, Mungu asininyime wewe.

Lakini mume wa Hagga, mzee mpole anayeshinda na redio, sikumsikia hata siku moja akimwambia mkewe kwamba anampenda. Mbele yangu alimwita kwa jina la mwana wao wa kwanza, Umm fulani. Akimtaja kwa wanaume wenzake husema "jamaa", yaani watu wa nyumbani. Muuza maharage anaitwa habibi, dereva anaitwa habibi, mke wa ndoa anafichwa nyuma ya neno la heshima. Nilimuuliza Hagga jikoni, wanawake wawili peke yetu, kama haimuumi. Akafuta mikono. "Ya ukhti," akasema, dada yangu, "hilo moja ni la chumbani. Likitoka nje linapoa." Akanionyesha saa ya ukutani: mzee hujua saa ngapi mkewe humeza dawa ya presha, na saa hiyo ikifika humletea maji mwenyewe, akasimama mpaka aimeze. Basi Kairo nako kuna stara, nikajua. Ila wao wameiweka mahali pengine tofauti na sisi.

Kuna sura nyingine ya maneno haya, nayo si nzuri, na sitaiacha. Kijana usiyemjua akipita kando ya msichana barabarani akamrushia "ewe asali", "ewe mwezi", hayo ni maneno yaleyale ya Hagga kwa mwanawe, na ni matusi. Yametolewa kwa mtu asiyeruhusiwa kuyajibu. Msichana akijibu amejivunjia heshima, akinyamaza yanaendelea. Wanawake wa Misri walipaza sauti kwa miaka mingi juu ya jambo hili, na mwaka 2014 sheria ikautaja unyanyasaji huo kwa jina na kuuwekea kifungo na faini. Dada mmoja tuliyekaa naye kwenye behewa la wanawake la treni ya chini ya ardhi aliniambia kwamba humo ndimo anamopumua. Abiria asiyenifahamu alikuwa ameniita habibti na kunipisha kiti, na katika behewa lile lilikuwa neno safi kabisa.

Kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Maulidi, mitaa ya jirani na Msikiti wa Sayyidna Hussein ilijaa mabanda ya halua: ya ufuta, ya karanga, ya dengu, ya nazi. Juu ya mabanda walipangwa wanasesere wa arusi ya Maulidi, wa sukari iliyomiminwa kwenye kalibu, waridi kwa rangi, wamevikwa karatasi za kung'aa, na mgongoni wana pepeo za karatasi zilizokunjuliwa duara. Watoto wa kiume hununuliwa farasi na mpanda farasi. Wamisri husimulia kwamba desturi hii ilianza zama za Wafatimi. Mchumba wa kiume hupeleka kwa kina binti sanduku la halua na mwanasesere, siku hizi mara nyingi wa plastiki mwenye gauni pana. Niliona kijana mmoja akichagua kwa muda mrefu, akiinua huyu, akimrudisha, akiuliza bei ya yule, uso umemkazana. Huyo alikuwa akisema jambo kwa njia ya sukari, na nilimwelewa vizuri sana, maana hiyo ndiyo lugha yetu ya kikuba na kanga.

Siku nyingine tulikwenda Ataba, kwenye vibanda vya vitabu vikuukuu vya Sur al-Azbakiyya, nikanunua *Tawq al-Hamama*, Kidani cha Njiwa, cha Ibn Hazm. Mwandishi wake alizaliwa Cordoba mwaka 994, akafukuzwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na akiwa uhamishoni karibu mwaka 1022 akaandika juu ya mapenzi katika milango 30: kupenda kwa kusikia sifa tu, kuashiria kwa jicho, mjumbe, msengenyaji, barua. Alikuwa mwanasheria mkali wa dini, na anasimulia humo kwamba waliomfundisha Kurani na kuandika utotoni walikuwa wanawake. Katika mlango wa barua anataja mpenzi aliyejikata mkono akaandika kwa damu yake. Kitabu chote kimetufikia kwa nakala moja ya kale, iliyohifadhiwa Leiden, Uholanzi.

Nilikisoma barazani kwa Hagga, kidogokidogo, kwa msaada wa kamusi. Nikawaza pia juu ya Majnun aliyerukwa na akili kwa ajili ya Layla, na Jamil wa kabila la Udhra aliyemwimba Buthayna maisha yake yote, na kabila lake likatoa jina la mapenzi yasiyoguswa, hubb udhri. Kwa nini fasihi ya Waarabu imejaa watu wanaoita wasiitikiwe? Nadhani kwa sababu ni fasihi ya watu ambao kwao kila neno lina jibu. Mahali ambapo hata muuza maharage hakuachi bila kukurudishia, kumwita umpendaye na kukuta kimya ni msiba unaostahili diwani nzima.

Kimya kingine nilikikuta Mji wa Sita Oktoba, magharibi ya Kairo, ambako Wasyria wengi wamejenga upya maisha tangu vita vilipoanza kwao mwaka 2011. Kuna mitaa yenye vibao vya Damascus na Aleppo, viduka vya shawarma na vya halua za pistachio. Tuliingia kimoja kununua. Bibi mmoja alikaa nyuma ya kaunta na mjukuu mdogo aliyekuwa akichezea kijiko. "Ya teta," bibi akamwita, yaani ewe bibi, kwa desturi ileile ya kumpa mtoto cheo chako. Kisha akasema, "To'borni." Unizike. Watu wa Sham humwambia hivi yeyote wanayempenda sana: mtoto, mume, hata rafiki. Maana yake, nife kabla yako, nisiione siku ya kukukosa. Nilikuwa nimelisoma, sikuwa nimelisikia likitoka kinywani mwa mtu aliyetoka vitani. Nilinunua baklawa. Bibi akauliza natoka wapi, akanikaribisha, na katika kufunga sanduku akataja kwamba mtoto huyu ndiye aliyebaki wa binti yake. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Nikamwombea binti rehema, na mtoto umri. Akaitikia amin, akaongeza vipande viwili ndani ya sanduku.

Njiani kwenye basi dogo kijana alikuwa kimya. Usiku akampigia baba yake Unguja. Baada ya habari za shule na ada, akamwambia, kwa Kiswahili na bila utangulizi, "Baba, nakupenda." Kaka yangu akauliza, "Unaumwa?" Akaambiwa la. Akauliza, "Umekula?" Kijana alikata simu amefadhaika, akanilalamikia kwamba sisi hatujui kujibu. Nilimkatalia. Nimekua na kaka yangu. Najua "umekula" ya kwake ina uzito gani. Yule baba ndiye aliyeuza pikipiki yake ili tiketi ya Kairo ipatikane. Tulibishana mpaka Hagga akatoka kuuliza kuna nini, na alipofasiriwa akanyoosha kidole kwa kijana: baba yako amekujibu, akasema, wewe ndiye hujamrudishia. Umekula au hukula?

Akampigia tena.

Jumba la kumbukumbu la mwimbaji Umm Kulthum liko ncha ya kusini ya kisiwa cha Roda, katika kasri ya Manasterli, hatua chache kutoka kipimo cha maji ya Nile kilichojengwa mwaka 861. Lilifunguliwa mwaka 2001. Kule mimi nilikwenda kwa niaba ya shangazi zangu, ambao usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi walikaa mbele ya redio kungoja sauti yake kutoka Kairo, hali hawajui Kiarabu zaidi ya cha sala. Taarabu yetu yenyewe ina asili huku. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kikaundwa mwaka 1905. Kisha mwimbaji Siti binti Saad akaja akaitia taarabu Kiswahili na mambo ya mtaani kwetu.

Nyuma ya kioo kuna magauni ya Umm Kulthum, miwani nyeusi, na leso ya hariri aliyokuwa akiishika jukwaani. Nilisimama mbele ya leso ile. Mwanamke huyu, binti wa imamu wa kijiji cha Delta, alivalishwa nguo za kiume utotoni ili aweze kuimba kaswida mbele ya wanaume. Aliwaimba wanaoungua na wasiojibiwa. Alipoimba *Inta Omri* mwaka 1964, kwa muziki wa Mohammed Abdel Wahab, watu waliuita mkutano wa mawingu, kwa kuwa majabali hao wawili hawakuwahi kufanya kazi pamoja kabla. Na katika nyimbo za Kiarabu mara nyingi mpendwa huitwa kwa dhamiri ya kiume hata akiwa mwanamke, kwa hiyo kila msikilizaji aweza kujiweka pale. Katika chumba cha filamu nikaona kilichokuwa kikiwatokea wasikilizaji. Anaimba mstari, ukumbi unaruka, wanaume wa suti wanapunga mikono, Allah, Allah, tena ewe Bibi! Anaurudia, kwa mapambo mengine. Wanamrudishia. Anaurudia tena. Wimbo mmoja ulichukua saa nzima na zaidi kwa sababu hiyo: maneno yalikuwa ya mtu asiyejibiwa, na ukumbi mzima ukawa unamjibu. Alipofariki Februari 1975, watu walilichukua jeneza mikononi mwa waliolibeba wakatembea nalo wenyewe hadi kwa Sayyidna Hussein.

Kabla sijarudi nyumbani, binti wa jirani alifungishwa ndoa, na Hagga akanichukua. Maadhuni, yaani mfungishaji ndoa, aliwaweka bwana harusi na walii ana kwa ana, mkono wa kulia ndani ya mkono wa kulia, gumba kwa gumba, akafunika mikono yao kwa leso nyeupe iliyotariziwa. Maneno ya ndoa nayo ni ya kusemwa na kujibiwa: nimekuoza, nimekubali. Sauti ya baba wa binti ilikatika katikati. Maadhuni akamsubiri, akaanza naye upya. Lilipotimia neno la kukubali, vijana wasiooa wakaivamia ile leso, kila mmoja akitaka kuinyakua kwa ajili ya bahati yake, vigelegele vikapanda, bwana harusi akambusu mkwewe kichwani. Kijana wa kaka yangu hakuipata, lakini Hagga alimshika mkono mbele ya kina mama wote akamwambia 'o'balak, zamu yako ifuate, na wote wakaitikia, na mmoja wao akaanza kuuliza umri wake na masomo yake yanaisha lini. Akaniomba kwa Kiswahili nisije nikamwambia mama yake. Nilimwambia wifi yangu usiku uleule, naye swali lake la kwanza lilikuwa kama msichana ameshapatikana, na la pili, kama anakula wali wa nazi.